Klova kama mbolea ya kijani ya majira ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaolima bustani ya nyuma ya nyumba au kishamba cha kukodi huko Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Marekani na Kanada, ambako baridi hulaza ardhi kwa miezi kadhaa. Wengi wanaouliza walilelewa kwenye kilimo cha kusubiri mvua, si kusubiri joto, na Oktoba ikiwakuta na matuta matupu hawajui wayafanyie nini. Mlioko Limuru, Njombe au Lushoto mna sehemu yenu huko chini, maana kwenu hali ni nyingine na hata klova yenyewe ni nyingine.

Mbolea ya kijani ni nini hasa, na klova inaingia wapi?

Ni mmea unaopandwa si kwa kuliwa wala kuuzwa, bali kurudishwa udongoni ukiwa bado mbichi. Mingine hupandwa kwa wingi wa majani, mingine kwa mizizi inayopasua ardhi ngumu. Klova hupandwa kwa ajili ya naitrojeni. Ni ya jamii ya mikunde, ukoo mmoja na kunde, maharage na mbaazi, na kwenye mizizi yake, ndani ya vinundu vidogo, hukaa bakteria waitwao rizobia. Hao huchukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea peke yake hauwezi kuitumia, na kuigeuza chakula. Klova nayo huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani.

Wakulima wa Flanders, na baadaye wa Norfolk mashariki mwa Uingereza, walizungusha tanipu, shayiri, klova na ngano wakiona wazi kuwa ngano inayofuata klova hustawi, ila sababu hawakuijua. Ilijulikana mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alipoonyesha kuwa vile vinundu vya mizizini ndivyo vinavyoingiza naitrojeni ya hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe.

Kwa nini nisiliache tuta tupu lipumzike?

Tuta tupu halipumziki, linapoteza. Mvua za Novemba hadi Februari huteremsha naitreti (naitrojeni inayoyeyuka majini) iliyobaki chini kabisa ambako mizizi ya mboga haifiki. Matone hupigapiga uso wa udongo mpaka ukafanya ganda, na ikifika Machi magugu yamekwisha kujipandia bure. Minyoo na vimelea wema wa udongoni nao huishi kwa kile mizizi hai inachotoa. Bila mizizi, hawana chakula.

Klova ziko nyingi dukani. Nichukue ipi?

Kwa kazi ya msimu mmoja wa baridi, chukua Trifolium incarnatum, ile yenye ua refu la rangi ya damu, lenye umbo la yai lililochongoka. Ni ya msimu mmoja, huota haraka kuliko wenzake, na ukiikata chini wakati wa kuchanua haichipui tena. Kwa mwenye tuta analolihitaji Mei au Juni, sioni ya kuizidi.

Trifolium pratense, inayouzwa kama klova nyekundu ingawa ua lake ni la waridi, ina mzizi mrefu unaozama na huishi miaka miwili au mitatu. Hiyo ni ya kipande unachotaka kukipumzisha mwaka mzima au zaidi. Trifolium repens, klova nyeupe, hutambaa na kudumu. Ipande kwenye njia kati ya matuta au chini ya miti ya matunda, lakini usiiingize kwenye tuta la mboga kama hutaki kupambana nayo miaka inayofuata.

Majina ya Kiingereza ya hizo mbili za kwanza (crimson clover na red clover) hukaribiana mno na muuzaji mwenyewe huzichanganya. Soma jina la Kilatini kwenye pakiti.

Nipande lini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu husikia "mbolea ya majira ya baridi" wakadhani inapandwa baridi ikiingia. Sivyo. Inapandwa joto likiwa bado lipo, ili ikabiliane na baridi ikiwa imeshika ardhi. Kusini mwa Uingereza na Uholanzi lenga Agosti nzima, na mwisho wake uwe katikati ya Septemba. Kaskazini, kwa mfano Leeds au Glasgow, usivuke Agosti. Marekani kanuni ni wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi (umande ulioganda) ya kwanza ya eneo lako. Kwa watu wa Atlanta hiyo inaangukia Septemba, wa Ohio wanatakiwa wawe wamemaliza mapema zaidi.

Sababu ni hii. Mche wa klova ni mdogo na mwepesi kung'olewa. Ardhi inapoganda na kuyeyuka hunyanyuka na kushuka, na mche wenye mizizi mifupi hujikuta umetupwa juu umelala kama uzi. Mche wenye mzizi wa sentimita kumi na majani matano au sita hukaa. Halafu bakteria nao wanahitaji joto ili waingie mizizini na kujenga vinundu. Kwenye udongo wa nyuzi 8 kushuka chini kazi yao huzorota sana.

Tatizo linalofuata unalijua: Agosti tuta bado lina nyanya, maharage au mahindi. Usisubiri uyang'oe. Tawanya mbegu chini yake baada ya palizi ya mwisho, mwagilia, uiache klova iote kivulini. Mahindi yakitoka Septemba unaikuta imeshatandaza zulia. Wanaolima maboga wasijaribu hivi, kwani majani yake hufunika jua lote.

Mbegu kiasi gani, na nazipandaje?

Ile ya ua la damu, gramu 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba. Kishamba kamili cha kukodi cha Kiingereza, ambacho kwa desturi ni kama mita za mraba 250, kitachukua gramu 500 hadi 750, lakini ni nadra mtu kukipanda chote kwa mkupuo. Kilo moja ya mbegu hizi ina punje kama 300,000. Klova nyeupe ni ndogo zaidi, kilo moja hupita punje milioni moja, kwa hiyo gramu moja kwa mita inatosha.

Mbegu nyingine huja zimepakwa koti la chokaa au udongo lenye rangi. Koti hilo lina uzito wake, ongeza kipimo kwa theluthi moja hivi.

Ng'oa magugu, vunja mabonge kwa reki mpaka juu pawe laini, kisha changanya mbegu na mchanga mkavu mara tatu au nne ya ujazo wake. Tawanya nusu ukitembea upande mmoja, nusu nyingine ukikatiza. Piga reki juujuu. Mbegu ikizikwa zaidi ya sentimita moja haitoki. Kisha kanyaga. Ndiyo, kanyaga, au gandamiza kwa ubao au mgongo wa koleo, kwa sababu mbegu ndogo isiyogusana na udongo hukauka kabla ya kuota. Mwagilia kwa mnyunyizo mwembamba kama mvua haiko karibu. Udongo ukiwa na joto utaona kijani ndani ya siku 7 hadi 10.

Njiwa wa porini wa Ulaya wanaipenda klova kupita kiasi, hasa theluji ikifunika kila kitu kingine. Wavu wa kawaida wa sukuma wiki unatosha.

Je, ni lazima ninunue bakteria?

Kwa kawaida hapana, kama uko Ulaya magharibi. Klova za mwituni zimejaa kwenye nyasi za bustani na kandokando ya barabara, na bakteria wanaozitumikia wamo ardhini tangu zamani. Nunua kama ardhi ni ya kuletwa kwa lori, kama ilikuwa imefunikwa na zege, au kama uko sehemu ya Marekani ambako klova haijawahi kupandwa. Hakikisha pakiti imeandikwa kwamba ni ya klova. Bakteria wa soya au wa maharage hawafanyi kazi kwenye klova, kila kundi la mikunde lina wake. Ni viumbe hai: wakipigwa jua kwenye kiti cha gari, umenunua vumbi jeusi tu.

Nitajuaje kuwa inafanya kazi?

Chimbua mmea mmoja, usiung'oe kwa kuvuta. Ingiza koleo pembeni, nyanyua bonge zima, liweke kwenye ndoo ya maji, uache udongo umomonyoke wenyewe. Ukivuta, vinundu hukatika vikabaki chini na utadhani havipo. Kwenye mizizi iliyosafishika utaona vipunje virefu kidogo, vingine peke yake, vingine vimeshikana kama vidole vya mtoto mchanga. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu, bakteria wako kazini. Wekundu huo unatokana na protini ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ndani ya kinundu. Kikiwa cheupe bado ni kichanga au bakteria walioingia si wazuri. Kijani au kahawia maana yake kimechoka.

Usifanye kipimo hiki Januari ukakata tamaa. Kifanye Aprili.

Na kama klova ni ya kijani kibichi lakini haina vinundu vya maana, jiulize kama uliweka samadi nyingi. Mikunde ikikuta naitrojeni tele udongoni haisumbuki kuitafuta hewani. Tuta la klova halihitaji samadi wala urea.

Naitrojeni yenyewe ni kiasi gani?

Klova ya ua la damu iliyopandwa kwa wakati, ikapita baridi salama na kuachwa mpaka ianze kuchanua, huweza kuleta kilo 80 hadi 150 za naitrojeni kwa hekta. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23, kwa hiyo kilo 100 ni zaidi ya mifuko minne kwa hekta. Kwa kipande cha mita za mraba 10 ni gramu 80 hadi 150.

Sasa masharti. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huingia Aprili na Mei, wakati klova inaponyanyuka ghafla kutoka kwenye zulia la kifundoni hadi magotini. Ukiikata Machi mwanzoni kwa sababu unataka kupanda viazi, umevuna kifuniko kizuri cha ardhi lakini naitrojeni ni kidogo sana. Wauzaji wa mbegu hawalisemi hili kwa sauti. Pili, mboga zako hazitapata yote mwaka huohuo. Takriban nusu hutoka msimu wa kwanza, nyingine hubaki kwenye mboji ya udongo na kutoka polepole. Tatu, fosforasi na potasiamu haziji kutoka hewani. Klova huzizungusha tu zile zilizomo, kwa hiyo samadi na mboji bado zina nafasi yao kwenye mzunguko wako.

Na lile wazo la kwamba klova ikiwa hai inamgawia jirani yake naitrojeni, lipunguze. Inavuja kidogo mno. Mgao hutoka ikifa na kuoza.

Nimechelewa, ni katikati ya Oktoba. Nifanye nini?

Sahau klova mwaka huu. Panda rai, nafaka ya ukoo wa ngano inayoota hata kwenye baridi, au maharage mapana ya aina ya baridi, ndugu wa yale yanayopikwa ful. Maharage hayo yanakubali kupandwa mpaka Novemba kusini mwa Uingereza, na ni mikunde, hivyo yataleta naitrojeni pia. Rai haileti naitrojeni yake, ila kwa kunasa naitreti isioshwe na mvua inaizidi klova kwa mbali.

Ukiwa na muda Septemba, mchanganyiko wa rai kidogo na klova, au rai na vechi yenye manyoya (Vicia villosa, nayo ni ya mikunde), ni bora kuliko kimoja peke yake: moja inashika, nyingine inaongeza. Punguza mbegu za rai hadi nusu ya kipimo cha kawaida, la sivyo itaimeza klova.

Niikate lini na vipi?

Wakati mzuri ni machipukizi ya maua yanapoonekana na machache yameanza kupasuka. Mmea una naitrojeni nyingi na bado ni laini. Ukipita hapo shina linakuwa gumu, naitrojeni inahamia kwenye mbegu, na uozaji unachukua muda mrefu. Wadudu wa udongoni wanaoozesha hutaka uwiano wa kaboni na naitrojeni usiozidi kama 25 kwa 1. Klova changa iko karibu 15 kwa 1, kwa hiyo huoza haraka na kuachia chakula. Rai iliyokomaa hufika 40 au 80 kwa 1, na ikifukiwa huwalazimu wadudu hao kukopa naitrojeni ya udongo wako.

Kwa bustani ndogo, kata chini kwa mundu au mkasi wa ua, katakata vipande vifupi, acha vinyauke siku moja au mbili, halafu uchanganye kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu kwa jembe uma. Usifukie kwenye kina cha koleo zima. Chini kule hewa ni haba na majani huchacha badala ya kuoza, harufu yake utaitambua.

Wasiopenda kulima wafanye hivi: kata usawa wa ardhi, acha majani palepale, funika kwa turubai jeusi lisilopitisha mwanga kwa wiki 4 hadi 6. Ukifunua, miche ya nyanya unaipandikiza moja kwa moja. Njia hii inaenda vizuri na ile ya msimu mmoja. Klova nyeupe na nyekundu zitachipua kutoka shinani, hizo zinataka jembe au turubai la muda mrefu zaidi.

Nikishafukia, nisubiri muda gani?

Wiki 2 hadi 3 kwa miche ya kupandikiza, wiki 4 kwa mbegu ndogo kama karoti, mchicha na vitunguu. Majani mabichi yanapooza hutoa vitu vinavyozuia mbegu kuota, na harufu yake huwavuta nzi ambao funza wao hutafuna mbegu za mahindi na maharage zikiwa ardhini. Kukiwa na baridi, ongeza wiki moja.

Zao gani lifuate?

Lile lenye njaa. Mahindi matamu, maboga, nyanya na sukuma wiki ndiyo yanayofaidi zaidi. Sukuma wiki ina sababu ya ziada: wengi hupanda haradali kama mbolea ya kijani, lakini haradali ni ukoo mmoja na kabichi na hubeba ule ugonjwa wa kuvimba mizizi. Klova haimo katika ukoo huo. Usifuatishe maharage wala njegere, ni kupoteza naitrojeni kwa zao linalojitafutia.

Karoti na vitunguu vinaweza kungoja mwaka wa pili.

Udongo wangu ni mfinyanzi mzito unaotuamisha maji. Itaota?

Itaota ukipanda mapema, lakini maji yakisimama wiki nzima mizizi hufa. Inua tuta kwanza. Uchachu wa udongo ni jambo zito kuliko ufinyanzi: klova hupenda pH ya 6 hadi 7, na chini ya 5.5 bakteria wenyewe hushindwa. Kipimo cha dukani cha bei rahisi kinatosha kukuambia uko wapi. Ikihitajika, weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Naweza kuipanda palepale kila mwaka?

Usifanye hivyo. Jibu la swali hili lina historia nzuri. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Hertfordshire, Uingereza, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waliona klova nyekundu inagoma kila walipoirudia shambani mfululizo, hata wakiweka mbolea gani. Mwaka 1854 wakaipanda kwenye udongo tajiri wa bustani ya mboga ya nyumba kubwa ya hapo. Miaka kama 10 ya mwanzo ilizaa sana, kisha nayo ikaanza kushuka. Kipande hicho kidogo kimeendelea kutunzwa kama mojawapo ya majaribio ya muda mrefu ya kituo hicho.

Ugonjwa huo wa kuchoshwa na klova hutokana hasa na ukungu Sclerotinia trifoliorum, unaoozesha shina wakati wa baridi na kuacha mabaka matupu Februari, pamoja na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoishi mashinani na mizizini. Vyote hudumu udongoni. Acha miaka 4 au 5 kabla ya kurudi kwenye tuta lilelile, na katikati tumia rai au nafaka nyingine.

Haitafuga koa?

Itafuga. Zulia lenye unyevu ndiyo nyumba wanayoitaka konokono na koa, na anayekataa hili hajawahi kupandikiza saladi pembeni ya klova. Kata na kuchanganya wiki tatu kabla, acha jua na ndege wapite, na usianze na miche laini mahali hapo. Mahindi na nyanya zilizokwisha kukomaa shina huvumilia.

Niiache ichanue kwa ajili ya nyuki?

Acha ukanda, si tuta zima. Ile ya ua la damu huchanua mwishoni mwa Aprili hadi Juni kulingana na mahali, na nyuki wa asali huijia kwa vurugu. Klova nyekundu ina mrija mrefu wa ua ambao ulimi wa nyuki wa asali mara nyingi haufiki. Ni kazi ya nyuki-bambi wanene wenye manyoya. New Zealand ililijua hilo kwa shida: klova nyekundu iliota vizuri lakini mbegu hazikupatikana, mpaka mwaka 1885 walipoletewa nyuki-bambi kutoka Uingereza.

Ukiacha ikomae mbegu, jiandae kuiona tena mwakani usipoitaka.

Naweza kuwapa kuku, sungura au mbuzi?

Kuku na sungura, kiasi, ikiwa imenyauka kidogo. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wasiachiwe klova mbichi yenye umande wakiwa na njaa, matumbo hujaa povu la gesi na wanaweza kufa ndani ya saa chache. Washibishe nyasi kavu kwanza. Kumbuka pia kwamba unachompa mnyama hakiingii tena kwenye tuta, isipokuwa samadi yake irudi.

Niko Minneapolis, au Toronto. Baridi ya huku si ya kitoto.

Kwenu ile ya ua la damu hufa kabla ya Januari miaka mingi. Si hasara kamili: ipandeni mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, itafunika, itauawa na jalidi, na mtakuta tandiko kavu Aprili ambalo mnaweza kupandia moja kwa moja. Naitrojeni itakuwa ndogo. Mkitaka mmea unaovuka, chagueni klova nyekundu au vechi yenye manyoya.

Wakulima wa huko wana ujanja mmoja ninaoupenda. Februari au Machi, ardhi ikiwa bado inaganda usiku na kuyeyuka mchana, hutembea asubuhi wakitupa mbegu za klova nyekundu juu ya ardhi iliyopasuka kwa jalidi. Nyufa hufunguka na kufunga, mbegu zinamezwa zenyewe, hakuna reki wala jembe. Ikichelewa mpaka tope lianze, imeshindikana.

Kwetu Kenya na Tanzania je?

Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina klova zake za asili, na watu huzikanyaga kila siku bila kuzitambua. Trifolium semipilosum, klova nyeupe ya Kenya, hutambaa pamoja na nyasi ya kikuyu kwenye malisho ya baridi. Waaustralia waliichukua wakaitengenezea mbegu ya malisho na kuiita Safari. Jambo la kuzingatia ni kwamba klova za Kiafrika hutaka bakteria wa kwao. Ukileta pakiti ya bakteria wa klova za Ulaya kutoka kwa ndugu aliyeko Manchester, vinundu huenda vikaota na visifanye kazi.

Ila mimi nisingekushauri uhangaike na klova kwa mbolea ya kijani huku. Kwetu hakuna baridi ya kulaza ardhi. Vijidudu vya udongo hula mwaka mzima na pengo ni lile la kiangazi kati ya mvua na mvua, kwa hiyo kunatakiwa mmea unaokua haraka mvua ikiwepo na kuvumilia ukame ikiondoka. Marejea (Crotalaria ochroleuca), iliyotangazwa sana na Wabenediktini wa Peramiho mkoani Ruvuma, hupandwa kati ya mistari ya mahindi wakati wa palizi na huendelea mahindi yakishavunwa. Wakenya wanaokula mitoo wanamjua ndugu yake mezani. Fiwi, ambayo Kenya ni njahi, inakupa chakula pamoja na majani ya kufukia, na hiyo ndiyo hoja inayomshawishi mwenye ekari moja: hawezi kutoa msimu mzima kwa mmea asioula. Kwa joto la pwani kuna kanavalia na mukuna, ndugu wa upupu aliyepunguzwa kuwasha.

Kwenye mashamba ya chai na viazi ya nyanda za juu, pimeni uchachu kwanza. Huko chokaa mara nyingi ndiyo dawa kabla ya mmea wowote wa mikunde.

Na sisi wa Oman na Ghuba?

Msimu wenu wa baridi ni wa neema, na klova yake ipo: Trifolium alexandrinum, barsimu ya Misri. Bonde la Nile huipanda Septemba na Oktoba. Mkulima anayesubiri pamba huikata mara moja au mbili kwa mifugo, kisha hulima mabaki yake kabla ya kupanda pamba. Inastahimili udongo wa chokaa kuliko klova za Ulaya, lakini haiishi bila umwagiliaji. Mwenye bustani ndogo ya mitende anaweza kuipanda chini ya mitende Oktoba na kuifukia Machi kabla joto halijaipiga.

Mbegu zilizobaki zitakaa?

Miaka miwili hadi mitatu, zikiwa kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali pakavu na pa baridi. Kibanda cha bustani kinachovuja hakifai. Kabla ya kuzitumia tena, weka punje 20 kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, ikunje ndani ya mfuko wa plastiki, iache kwenye joto la chumba wiki moja. Zikiota chini ya 14, ongeza kipimo. Bakteria wa pakiti hawangoji hivyo, tazama tarehe yao na uwanunue upya.